Mtihani wa Bi Namba

Kila karatasi iliyopita mkononi mwake, Bi Namba aliipiga namba. Kalamu nyekundu, pembe ya juu kulia, kisha kiduara. Ndivyo karani wa masjala anavyofanya, barua isije ikachomolewa kwenye faili watu wakabaki kulaumiana. Kwa miaka kumi na tisa mkono ulizoea hivyo, hadi orodha ya vitu vya sokoni ikawa na namba yake. Mumewe, fundi viatu, alimtania:

"Mke wangu, nami nipige namba nisipotee."

"Wewe? Nani akuchukue!"

Alichotamani Bi Namba si cheo cha kutembea kifua mbele. Alitamani kujibu. Barua za wajane na wastaafu zilimpitia, akazisoma kimya kimya, na jibu akalijua. Lakini karani hajibu. Anayejibu ni afisa, na afisa aliandika "Isubiri", faili likarudi chini. Kuna mjane mmoja barua zake zilishafika saba. Bi Namba aliujua mwandiko wake kuliko anavyoijua sauti ya jirani. Akibaki peke yake masjala alimjibu kwa midomo tu, bila sauti: Mama, kilichopungua ni cheti kimoja, kilete, mambo yataisha.

Basi lilipobandikwa tangazo la mtihani wa ndani, nafasi moja ya afisa, moyo ulimwenda mbio. Alisoma kila alfajiri kabla ya kuinjika chai. Siku ya mtihani wakaambiwa: hakuna jina, hakuna alama yoyote ya kumtambulisha mtu. Maswali yalimnyookea. Alimaliza mapema, akawa anapitia majibu yake ukurasa kwa ukurasa huku akiwaza dirisha la ofisi ya maafisa ghorofani. Mkono ukafanya yake. Moja, mbili, tatu, hadi tisa, nyekundu, na viduara vyake.

Matokeo yalipotoka, karatasi yake haikuwa imepewa alama hata moja.

"Ofisi nzima inazijua namba zako," mkuu wa utumishi alimwambia. "Bora ungeandika jina tu!"

Alikwenda mahakamani. Wakili wake alikuwa binti mwembamba mwenye sauti nzito. Kesi ikapigwa kalenda mara nane. Mara jaji mgonjwa, mara faili halionekani, jambo lililomuuma Bi Namba kuliko yote. Miaka miwili ikakatika. Hatimaye mkuu wa utumishi, ambaye ndiye aliyesahihisha, akasimama kizimbani.

"Ulijuaje namba hizi ni za mama huyu?" wakili akauliza.

"Naziona kila siku."

"Na miandiko ya wale wengine je?"

"Ni watumishi wangu. Naijua."

"Kwa hiyo hukuhitaji alama kumjua yeyote."

Jaji akaufuta mtihani mzima, urudiwe upya, usahihishwe na watu wa nje. Fundi viatu alicheza pale pale kwenye korido hadi askari akamwomba atulie.

Jumatatu tangazo jipya likabandikwa. Masharti yale yale ya mwanzo: mtahiniwa asizidi miaka arobaini na mitano siku ya mtihani. Mara ya kwanza Bi Namba alikuwa na arobaini na minne. Sasa ana arobaini na sita. Alisoma tangazo mara tatu, kisha akampigia wakili simu.

"Mama, hili nalo tutalipinga," binti akasema. "Walikukosea wao, umri wako usikuhukumu. Lakini itachukua muda."

"Muda gani, mwanangu?"

"Kama ule wa kwanza. Labda."

"Umenipigania. Mungu akuzidishie."

Mkuu wa utumishi akapita na kikombe chake. "Pole, Bi Namba. Lakini si ulishinda?"

"Nilishinda, ndiyo."

Alisimama kidogo, akiangalia ngazi za kwenda juu, watu wakipanda na kushuka bila kuzitazama. Akarudi masjala, akachukua mkoba, akaweka funguo za makabati mbele ya karani mwenzake.

"Dada, unakwenda wapi? Barua za leo zimejaa."

"Zimejaa, naziona."

Getini mlinzi akacheka. "Chai mapema leo?"

"Leo mapema, baba."

Akavuka barabara. Walimsubiri hadi saa kumi, kisha wiki nzima, na hakurudi.