Antena Inayotazama Dishi

Keti hapa karibu nami nikueleze polepole, maana si jambo gumu. Dada yangu mdogo anaishi Mbooni, bondeni, ambako simu hushika mtandao ukipanda mteremko tu. Aliitwa mahojiano ya kazi ya uuguzi, kwa video. Mtandao ukikatika katikati, kazi ingeenda kwa mwingine.

Nilikuwa na antena ya mbavu, ile yenye vijiti virefu nyuma vinavyozidi kufupika hadi nchani. Kila urefu hupokea mawimbi yake, ndiyo maana antena moja hufaa mitandao mingi. Lakini pale bondeni peke yake haikutosha.

Jirani yangu kule kwangu Tulia, mwenye duka aliyetoka Garissa, akanipa dishi kuukuu, pana kuliko mlango, alilofunikia vifaranga.

"Chukua, bwana. Kuku watajenga kwingine."

Hakutaka hata soda. Mungu ambariki.

Tulilielekeza dishi kwenye mnara wa mbali, kwenye pengo la milima. Antena tukaifunga kwenye bomba mbele yake, ncha ikitazama mnara, kama kila mtu huku anavyoelekeza antena ya TV. Rauta, kile kisanduku cha intaneti tulichokiunganisha na antena, haikushika kitu.

"Kaka, umelipatia dishi mgongo," dada akanicheka. "Hata mimi nisingekujibu."

Alisema kweli. Dishi hukusanya mawimbi na kuyarudisha mbele yake, mahali pamoja padogo. Antena huyapokea yakirudi. Basi nikaigeuza, vijiti vifupi vikatazama dishi. Mtandao ukaja, dhaifu. Kumbuka kila wimbi lina kijiti chake. Kijiti hicho ndicho kinachotakiwa kukaa mahali pale padogo. Nikaanza kuisogeza.

"Rudisha kidogo! Umepita! Hapo, hapo, usipumue!" dada akapaza sauti kutoka mlangoni.

Nikakaza skrubu, antena ikateleza, tukaanza upya.

Wakati wa mahojiano nilikaa nje nimemshika mbuzi kamba, asije akajikuna kwenye nguzo ya dishi. Dada alitoka analia.

"Naanza Jumatatu," akasema.

Nikashukuru pale pale, mbuzi mkononi.

Nawe ukifunga yako, mtandao ukishashika vizuri, chora alama kwenye bomba antena ilipofika, kisha ishike kwa mkono mmoja na ukaze skrubu kwa mwingine, kidogo kidogo.