Kilio Alichokisahau Hawa

Hawa alirudi Kindu na ndege ya Jumamosi, amenenepa kidogo, mashavu yamejaa. Mtoto wake mdogo, Yassine, alimtazama, akamgeukia baba yake, kisha akaangua kilio kama amepewa mtu asiyemjua. Hilo lilimuuma mama mtu, lakini alikuwa amelitegemea. Asilolitegemea lilikuja kesho yake.

Kesho yake alichukua mfuko wa chumvi alioununua safarini, akavuka njia kwenda kwa Mama Bibiche. Nyumba zao zinatazamana pale mtaani Kasuku. Mama Bibiche ni Mkristo wa misa ya kwanza na Hawa ni Mwislamu, wala hawana damu moja, lakini Hawa hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila Mama, na mume wa mama huyo, Papa Florentin, Hawa hakuwahi kumwita ila Papa.

"Hodi hapa!"

"Karibu." Mama Bibiche alikuwa ameketi mlangoni, anachagua mchele juu ya ungo.

"Ee Mama! Na joto hii yote unavaa kikwembe cheusi? Unataka kukaanga mayai juu ya mabega?" Hawa alicheka kwa sauti. Alikuwa na miezi mingi hajacheka, na kicheko kilimtoka kwa wingi. "Papa iko wapi? Mumuambie binti yake amerudi na chumvi, asiseme nimemusahau."

Mikono ya Mama Bibiche ilisimama juu ya mchele. Joëlle, binti yake wa kwanza, aliyekuwa anatwanga sombe, yale majani ya mihogo, nyuma ya nyumba, akatokea na mchi mkononi.

"Hawa, unatuchekelea?"

"Nini tena, dada?"

"Papa amekufa. Ulipika hapa wewe mwenyewe, masufuria ya kilio ulisugua wewe mwenyewe. Ulilia mpaka tukakushika. Leo unakuja kumuulizia na meno inje?"

Hawa alitafuta. Alitafuta kichwani mwake kama mtu anayepapasa gizani mahali ambapo siku zote palikuwa na mlango, na mkono ukakuta ukuta tu. Hakukuta jeneza, hakukuta masufuria, hakukuta machozi. Aliuweka mfuko wa chumvi juu ya ungo, katikati ya mchele, akaondoka bila kuaga.

Ili mtu aelewe aibu ile, lazima arudi nyuma kwenye vita.

Miaka ile Hawa alikuwa mtoto wa darasa la pili. Mji ulikuwa umefungwa. Ndani kulikuwa na watu wa bunduki, porini kulikuwa na watu wa bunduki, na katikati walikuwa watu wa njaa. Aliyekwenda shambani akirudi aliulizwa ametumwa na nani. Asiporudi, hakuna aliyeuliza. Baba yake Hawa alikuwa mgonjwa na mama yake alikuwa na kitoto kichanga. Papa Florentin, mfanyakazi wa reli asiye na treni, alikuwa akivuka mto kwa mtumbwi hadi Alunguli kutafuta majani ya mihogo. Sombe ikishaiva aliipima kwa sahani moja ya bati, moja ya Joëlle, moja ya Hawa, na kila moja aliisawazisha juu kwa kiganja ili pasiwe na maneno.

Siku moja watu wa bunduki walimkamata kando ya mto. Walimfunga nyaya za betri ya gari, wakampiga kuran, yaani umeme, aseme anapeleka habari kwa nani. Hakuwa na habari, alikuwa na sombe. Aliporudi, mkono wake wa kuume ulibaki unatetemeka, na kila akisawazisha sahani, majani yalimwagika kidogo. "Huu mukono unacheza ndombolo bila muziki," alisema, na watoto walicheka kwa sababu yeye alicheka. Lakini tangu siku ile neno kuran halikutajwa tena katika nyumba hiyo. Hata miaka ya baadaye, taa zikizimika mtaani, wao walisema tu, "Ile kitu imekatika."

Hayo yote Hawa aliyakumbuka, hata rangi ya sahani. Kilichopotea ni cha jana.

Ugonjwa wake ulianza baada ya kumzaa Yassine. Aliacha kupika, akaacha kuoga, mwisho akaacha kusema. Mtoto akilia, alimsikia kama redio ya jirani. Ni mwanzoni mwa miezi hiyo, kabla hajaacha kupika, Papa Florentin alifariki, na watu waliomwona Hawa analia kilioni walidhani analia kama wengine. Vidonge vya hospitali havikumsaidia. Alipoanza kukataa hata maji, mume wake, Masudi, alimpeleka mbali, ng'ambo ya mpaka, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Majirani waliambiwa amekwenda Punia kwa shangazi yake. Njia mbaya ya Punia iliusaidia uongo ule: hakuna aliyeuliza kwa nini anakawia.

Kule munganga, daktari wa hospitali ile, alimkalisha Masudi, Hawa akiwa kando yake. "Hii inaitwa depresioni. Haiko huzuni ya kuambia muntu 'jikaze'. Tutamulalisha na dawa, halafu tutamupa kuran kidogo kichwani, sekonde chache. Ubongo utashituka, kama kifafa. Mwili utatulia, maana dawa inaulegeza."

"Kifafa?" Masudi aliruka. "Munganga, tumepanda ndege kuja kutafuta kifafa?"

"Kifafa cha kuazima, Baba Yassine. Mara nyingi hakimalizi dakika moja." Munganga hakumcheka. "Angalia. Katika huu ugonjwa, sehemu za ubongo zinazopaswa kusemezana zinakwama, kama watu wanaorudilia neno moja la huzuni muchana kutwa. Ule mushituko unalikatiza. Ubongo unamwaga dawa zake wenyewe, na wanaochunguza wanafikiri unaotesha hata matawi mapya. Hatujui yote. Tunajua wagonjwa wengi wanarudi kula."

"Na ubaya wake?"

"Kumbukumbu. Za zamani kwa kawaida zinabaki. Za miezi ya karibu zinaweza kupotea. Zingine zinarudi, zingine hapana."

Walimuuliza Hawa mwenyewe kama anakubali. Aliitikia kwa kichwa, na siku hiyo jibu lile lilikuwa kazi kubwa kuliko kutwanga gunia. Baada ya mara kadhaa za kulazwa usingizi na kuamka na kichwa kizito, asubuhi moja aliomba chai. Asubuhi nyingine aliuliza, "Yassine anakula nini?" Masudi alitoka nje, akalia kwenye ukuta wa jiko. Lile la kumbukumbu hakumkumbusha mke wake. Alifikiri atasahau vitu vidogo, bei ya sabuni, jina la mtu wa mbali.

Sasa, baada ya aibu ile, Hawa alikuwa akichota maji jua la saa sita, wakati bomba halina watu. Maneno ya bombani asubuhi alikuwa ameyasikia.

"Punia inalewesha watu siku hizi?"

"Kiburi tu. Amenenepa, anacheka wafiwa."

"Mimi nasema ni jini."

Nyumbani Masudi alimwambia, "Vumilia. Watasahau."

"Mimi njo nasahau, Baba Yassine. Wao hawasahau."

"Basi sema ilikuwa malaria ya kichwa. Lakini usitaje kuran. Ukiitaja mbele ya ile nyumba, utakuwa unamuua yule muzee mara ya pili. Na watoto wetu wataitwa watoto wa wazimu."

Ugonjwa haukumwaibisha Hawa kama meno yake. Kila alipofumba macho alijiona amesimama mbele ya mjane, meno nje, anafanya mzaha na kikwembe cha msiba.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, alivua kitambaa chake chenye maua, akafunga cheusi, akavuka njia. Mlangoni aliacha ndala, akaingia na kuketi chini, miguu amekunja, kama mtu anayeingia kilioni siku ya kwanza.

"Pole na kilio, Mama."

"Sasa unatuchezea kilio?" Joëlle alisema kutoka jikoni.

"Mwache," alisema Mama Bibiche.

"Sikukwenda Punia," Hawa alisema, macho yake yako kwenye mkeka. "Nilikuwa mgonjwa wa akili. Sikuwa nakula, sikuwa nasema. Walinipeleka mbali, wakanipa..." Neno lilikwama. Alilivuta. "Wakanipa kuran. Ya kichwa. Nilikubali mwenyewe. Imenirudisha, lakini imebeba miezi. Kifo cha Papa kimekwenda nayo. Sikuwa nawacheka, Mama. Sikujua."

Jikoni mchi ulinyamaza. Nje, kando ya ua, kuna mtu aliyekuwa anapita, naye alisimama.

"Ilikuuma?" aliuliza Mama Bibiche.

"Hapana. Nililala."

"Yeye hakulala."

Mjane alikaa akitazama mikono yake.

"Yeye walimuchoma ili aseme," alisema polepole. "Wewe wamekuchoma ili useme. Na kweli umesema, Hawa! Maneno ya kwanza, unakuja kukaanga mayai juu ya mabega yangu." Ikamtoka sauti fupi puani, nusu kicheko, halafu uso ukamvunjika. Alijifuta kwa ncha ya kile kikwembe cheusi. "Hivi hujui hata alikufa namna gani?"

"Sijui, Mama. Kwangu amekufa juzi."

"Basi kaa vizuri."

Akamweleza. Kifua kilimbana asubuhi, akaamka hivyohivyo, akakaa kwenye kiti chake. Walimletea sombe ya jana. Alionja, akasema, "Hii sombe haina chumvi." Mama Bibiche alikwenda kuchukua chumvi, na aliporudi kichwa kilikuwa kimeinama. "Ile siku uliponiwekea mfuko wako juu ya mchele," alisema, "niliona kama umetumwa kunikumbusha kwamba nilichelewa."

Hapo Hawa alilia kile kilio ambacho watu wote wa njia ile walikwisha kukimaliza. Alilia peke yake, alasiri ya siku ya kazi, huku jirani mmoja akichungulia juu ya ua.

Joëlle hakumshika safari hii. Alitoka jikoni na sahani ya zamani ya bati, sombe imesawazishwa juu kwa kiganja, akaiweka chini bila kumtazama, akarudi.

Nje sauti ya mtoto ilipita mbio: "Mama Kuran! Mama Kuran!" Mama Bibiche aliinuka akachukua fagio, lakini mtoto alikwisha kukata kona, na jina lilikuwa limekwisha kufika bombani.

Hawa aliinamisha uso mpaka karibu na sahani, akala. Joëlle alikuwa ameufungua ule mfuko. Chumvi ilizidi mpaka ikauma ulimi. Hakusema kitu. Alikula mpaka bati likaonekana.