Waridi Lililokatazwa Maji ya Bomba

Waridi la marehemu Polikarp halikuwa zuri kihivyo, tuseme ukweli. Lilikuwa jeupe la kupauka, limekaa kwenye debe la mafuta lenye kutu, pembeni ya bomba la uani nyumbani kwa Walburga, pale Lizaboni, Songea. Ila mama mkwe wa Walburga, Ekaristia, alilipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya watoto wake, na wala hakuficha. Mumewe Polikarp aliomba kijiti chake misheni mwaka waliofunga ndoa, akakichomeka, kikaota. Mzee alipofariki, kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, Ekaristia alikuwa anakata ua moja kwenye debe hilo hilo na kwenda kulilaza kaburini. Maua ya kununua hakutaka hata kuyasikia. Ua la mkono wa Polikarp mwenyewe au hakuna.

Sasa hii ni ile miaka ya ruksa, mwanzoni mwa tisini, maduka ya Songea mjini yameanza kujaa vitu mpaka vingine watu wananunua kwanza, halafu ndo wanauliza ni vya nini. Mwezi wa nane binti wa Ekaristia aliyeolewa Namtumbo akajifungua, bibi akaitwa kwenda kumuuguza mzazi. Asubuhi ya safari akainama kwenye debe, akatoa jani kavu moja, akamgeukia Walburga.

"Mama Careen, nakuachia mume wangu hapa. Narudi kabla ya Watakatifu Wote. Ukiniulia hili ua, umeniulia Polikarp mara ya pili."

"Mama, mimi tena? Nitalitunza kama mtoto."

Na kweli alilitunza kama mtoto. Hapo ndo balaa lilipoanzia.

Maana mpaka siku hiyo lile waridi lilikuwa linaishi kwa maji ya bomba, tena yaliyokwisha kufanya kazi nyingine. Walburga akimaliza kusuuza masufuria, yenye ukoko wa ugali, majani ya chai, na chembe za dagaa, alikuwa anageuka na beseni lake, anamwaga kwenye debe, anaendelea na maisha. Waridi halikuwahi kulalamika. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya maendeleo.

Maendeleo yalishuka kwenye basi la Dar es Salaam yakiwa yamefungwa na kamba ya katani. Hironimus, mume wa Walburga, alikuwa amefuata marobota ya mitumba, akarudi na marobota pamoja na kitu kingine: masufuria mawili marefu ya kung'aa yamekaliana, la chini lina kikoki, la juu ndani lina vitu viwili vyeupe vimesimama kama mishumaa.

"Hii ni filta," Hironimus akasema. "Maji yanaingia huku juu machafu, yanatokea huku chini masafi. Mjini kila nyumba inayo."

"Umeingia kila nyumba, Baba Careen?"

"Walioniuzia wameingia."

Basi filta ikawekwa sebuleni juu ya stuli, ikavishwa kitambaa cha kufuma ambacho hata redio haikuwahi kuvishwa. Ikapata cheo kuliko mwenye nyumba. Watoto waliambiwa wasiiguse, wakaendelea kunywa bombani kwa viganja, kama zamani, maana maji masafi yalikuwa ya wageni. Na mgeni akija alikuwa anafunguliwa kikoki pole pole ili asikie. Shida ni moja tu, ile filta ilikuwa inachuja kwa kudondosha. Tone, tone, halafu inapumzika, inafikiria, tone. Ukijaza asubuhi, mpaka jioni unapata jagi, na hilo jagi lina wenyewe.

Angeishia hapo Walburga, mambo yangekuwa salama. Lakini akatokea shemeji yake Remmy, mdogo wa Hironimus, anayekaa Msamala. Remmy alikuwa mtu wa semina. Miaka ile semina zilikuwa zimeingia pamoja na mitumba, na Remmy hakuchagua, akialikwa anaenda: za ufugaji wa nyuki, za uongozi, za choo bora. Alikuwa ana fulana za semina nyingi kuliko mashati. Safari hiyo alikuwa ametoka kwenye ya maji safi, amepewa soda na kofia. Akamkuta Walburga uani na beseni.

"Shemeji, unafanya nini hapo?"

"Namwagilia ua la mama yenu."

"Kwa maji ya bomba?"

"Nimwagilie kwa soda?"

Remmy akavua kofia ya semina, akaishika mkononi, kama mtu anayetaka kutoa habari za msiba. "Shemeji, maji ya bomba yana dawa. Dawa imewekwa kuua vijidudu. Mzizi nao ni kitu hai. Kitu kinachoua kidudu kitaacha mzizi? Wewe unaua ua la mama pole pole, halafu una filta imekaa ndani."

"Mbona siku zote linamwagiliwa haya haya?"

"Sumu ya pole pole ndo ilivyo."

Hakuna aliyemuuliza Remmy bustani zote za Songea zinazokunywa maji ya bomba zilikufa lini. Alikuwa na kofia. Halafu Walburga alikuwa na lile neno la mkwe kichwani, la kuua mume mara ya pili, na neno kama hilo likikaa kichwani hata aliyesoma anaamini vitu.

Siku hiyo hiyo debe likahamishiwa sebuleni, karibu na filta, likae mbali na bomba. Kuanzia hapo waridi lilikunywa maji ya kuchujwa tu. Kiasi gani? Kinachobaki. Hironimus akinywa, wageni wakinywa, chini ya jagi kikibaki kikombe, cha waridi. Mwezi wa tisa huo, jua la Songea linaanza kuwa kali, upepo unakausha mpaka midomo, na ua lililozoea beseni linapewa kikombe, kizani, pembeni ya stuli, linaangaliana na kitambaa cha kufuma.

Majani yakaanza kuwa ya njano.

Mtu mwingine angesema ua lina kiu. Walburga akasema maji hayajawa masafi vya kutosha. Akaanza kuyachemsha kwanza, ayapoze, ndo ayachuje. Mkaa unaisha, na maji yanayopatikana ni machache zaidi, maana sufuria nalo linakula yake kwa mvuke. Majani yakadondoka. Akaanza kuyachuja mara mbili. Yaani kadiri waridi lilivyozidi kukauka ndivyo maji yake yalivyozidi kuwa masafi, na kadiri yalivyozidi kuwa masafi ndivyo yalivyozidi kuwa kidogo, mpaka mwisho likawa linapata kijiko cha maji ambayo hata Askofu hakuwahi kunywa.

Jirani yake Noela, aliyekuwa anakuja kuomba moto na kubaki mpaka mchana, alimwambia mapema.

"Mama Careen, kama unaogopa dawa, kinga maji kwenye ndoo, yaache yalale. Kesho harufu hakuna. Mimi michicha yangu ndo nafanya hivyo, na inanishinda kula."

"Mchicha ni mchicha, mwenzangu. Hili ni ua."

"Haya. Mimi sina filta."

Ushauri wa Noela ulikuwa na kasoro moja kubwa, ulikuwa wa bure.

Matawi yakaanza kukauka moja moja. Walburga akachukua kisu cha jikoni, akawa anakata yaliyokauka na yale yanayoelekea kukauka, ili maji kidogo yaende kwa yaliyobaki. Yale ya kukatwa aliyarusha uani, kule kwenye tope la bombani anakomwaga maji ya vyombo, akayakanyaga mwenyewe akipita na ndoo. Nani ana muda wa kuangalia takataka.

Wiki ya mwisho ya Oktoba kwenye debe kilibaki kijiti kimoja, kikavu kama kiberiti. Walburga alikikwaruza kwa ukucha akitafuta ukijani. Hakuna. Akakaa chini pale pale kwenye mkeka, mikono kichwani.

"Nimemuua mzee," akamwambia mumewe.

Hironimus ni mfanyabiashara, hana tatizo lisilo na duka. Akaenda mjini akarudi na ua la plastiki, jeupe, lina hadi matone ya umande ya plastiki. "Mama macho yake hayaoni vizuri," akasema. "Tena hili halihitaji maji ya aina yoyote. Ugomvi wote umeisha."

Walburga alijua ni ujinga. Na alilifunga kwenye kile kijiti kwa uzi wa kijani, kwa sababu basi la Namtumbo lilikuwa linaingia mchana ule.

Ekaristia akashuka amekuwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Akapokelewa, akaamkiwa na wote. "Shikamoo, Mama," "Marahaba," akaulizwa ya mzazi na mtoto, akajibu wote wazima. Akakaribishwa maji ya filta, kikoki kikafunguliwa pole pole. Akanywa, akaangalia glasi.

"Haya maji mbona hayana ladha?"

"Ni masafi, Mama," Hironimus akasema.

"Ahaa." Akaweka glasi. "Mume wangu yuko wapi?"

Walburga akaonyesha debe kwa kidole. Ekaristia akasogea, akainama, akanusa. Akanusa tena. Akaishika petali moja kwa vidole viwili, akaifikicha, ikafanya kelele.

"Polikarp hakuwahi kupanda nailoni," akasema.

Hironimus akakumbuka ana mteja mjini. Walburga akapiga magoti, akaeleza yote, dawa ya bomba, Remmy, kofia, kuchemsha, kuchuja mara mbili. Ekaristia alisikiliza mpaka mwisho bila kubadilika uso, na hicho ndo kilichomtisha Walburga kuliko matusi.

"Kwa hiyo ulikuwa unampa kijiko."

"Cha maji masafi, Mama."

"Mimi nimekaa miezi miwili kwa watu, nimelea mzazi, najiambia tarehe mbili nitakwenda kwa mzee na ua lake. Sasa naenda na nini? Na glasi?"

Walburga alikuwa analia. Yule bibi akatoka nje kunawa miguu.

Akakaa kule muda. Walburga akamfuata na kanga ya kufutia, akamkuta amechuchumaa kwenye tope la bombani, sketi inalowa, wala hana habari.

"Hiki nani kakipanda?"

Katikati ya ukoko wa ugali na majani ya chai, moja ya yale matawi aliyokuwa ameyakanyaga lilikuwa limesimama. Lina majani mapya, mekundu mekundu kama ya waridi changa, na kileleni kitumba kimoja kidogo kimefumba.

"Hakuna aliyepanda," Walburga akasema. "Nilitupa."

"Basi hapo ndo ulifanya la maana."

Tarehe mbili walienda makaburini wote. Wenzao wana maua mikononi, Ekaristia hana kitu. Kile kitumba alikataa kukikata. Akapiga magoti kaburini, akasali, halafu akamwambia mumewe kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia mtu aliyeketi jikoni, "Mwaka huu utasubiri. Mkweo alikuwa anakusafishia maji." Walburga nyuma yake akacheka na kulia kwa pamoja, ikawa kelele mbaya sana.

Aliporudi Namtumbo kuangalia mjukuu, Ekaristia alibeba filta. Hakuomba, alivua kitambaa cha kufuma, akakikunja, akakiacha kwenye stuli. Kule aliitoa ile mishumaa, akahifadhia mbegu za karanga, na anasema panya hawajawahi kushindwa namna ile.

Mwaka uliofuata waridi la bombani lilikuwa linamfika Walburga kiunoni, maua mpaka ya kugawa. Mama mkwe alikata mawili, moja la mwaka na moja la deni. Watu wakaanza kuja kulishangaa, na Remmy alikuwa anawasindikiza mwenyewe kutoka Msamala. "Hili," anawaeleza, kofia kichwani, "lililelewa kwa maji ya filta toka mwanzo." Noela akamwagiza mumewe filta kubwa zaidi, ya kumwagilia mchicha.

Walburga alikuwa anawasikiliza huku akisuuza masufuria. Wakimaliza kushangaa, anawaomba wasogee kidogo, anageuka na beseni lake, anamwaga.