Ndege ya Mabawa Mawili ya Hashiru

Mwanangu Hashiru Kondo Zaidi wa Msimbu ni mjukuu wa Zaidi, mpagazi wa vita vya Mjerumani, na mtoto wa mume wangu Kondo, aliyeezeka msikiti wetu. Ndege ya kivita ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, aliyoisimulia Zaidi, Hashiru aliiunda ndogo, ya mota na rimoti, ili baba yake aione kabla macho hayajazima. Mabawa aliyavika kanga yangu kwa baraka. Alipoirusha, ikachomeka pua mchangani.

“Baraka zangu nzito, baba,” nikamwambia Hashiru. “Vika karatasi ya tiara.”

Jana, uwanjani Sofu, ilipaa, ikazunguka, ikatua salama. Kondo aliifuata kwa kidole.

“Ndivyo baba alivyosimulia,” akasema. Nikashusha pumzi.

Hashiru akampa bintiye Anifa rimoti. “Kesho babu ataitaka tena. Utairusha wewe.”