Bawa la Kuume

Sijui kama nitaieleza sawa. Niliishia darasa la saba, na mwenzangu angekuwapo hapa angesema napendelea upande wangu. Nitajitahidi nisipendelee.

Mwaka 2017 tulikuwa mafundi wawili kwenye karakana moja ya Doornfontein, Joburg, tunamtengenezea mzee mmoja wa Kizungu mabawa ya ndege. Ndege ya kweli, ya kupaa na mtu ndani, ambayo mzee alikuwa anaiunda mwenyewe kwa kufuata michoro. Mabawa manne: mawili juu, mawili chini. Mimi nilitoka Tanga nikijua milango na makabati. Mwenzangu wa Bukavu alikuwa seremala kwao, lakini Joburg ilimfanya mlinzi, miaka minne anasimama mlangoni mwa duka, mpaka mzee alipomwona akitengeneza kiti chake cha lindo kwa kisu cha jikoni, akamchukua. Kurudi kwenye ule mlango alikuogopa kama ugonjwa.

Bawa ni boriti mbili ndefu, na mbavu zimepangwa juu yake kama za samaki aliyekwisha kuliwa. Kila ubavu unaundwa kwa vijiti vyembamba ndani ya kalibu, unatiwa gundi na vipande vya plaiwudi, unabanwa, unaachwa mpaka kesho. Siku nzima kwa kitu ambacho paka akikikalia kinavunjika! Na gundi ile haina samahani. Ukikosea, mti unachanika kabla yenyewe haijaachia.

Mwenzangu aliniita yaya. Kwao ni heshima ya ndugu mkubwa. Kwetu yaya ni wa kubembeleza watoto, na siku nyingine nilijiona hivyo hasa. Kiswahili chake kilinichosha. Haki yake niiseme: changu kilimchosha pia. Nikisema "mkono wa kulia" alikuwa anaweka msumeno chini na kujifuta macho kwa aproni.

"Kulia! Unalia nini, yaya? Nani amekupiga?"

"Mkono wa kulia chakula, bwana."

"Sasa unakula ao unalia? Chagua moja!"

Alinitania hivyo wiki nzima mpaka nikaliacha hilo neno, nikawa naonyesha kwa kidole. Nadhani kosa lilizaliwa hapo.

Mimi nami nilikuwa na maneno yangu. Kwenye kuunga mbao tuna dume na jike: kinachoingia ni dume, kinachoingiwa ni jike. Basi nikazoea kuyaita mabawa ya juu, ambayo ni marefu zaidi, madume, na ya chini majike. Hakuniuliza. Sikumweleza.

Mwezi mmoja nyuma mwenzangu alikuwa amegandisha ubavu mmoja kinyumenyume. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kosa jingine kama hilo, atatafuta mtu mwingine.

Ijumaa moja nilikuwa natawadha niwahi sala ya msikitini Mayfair, mwenzangu akanijia, ametoka kuongea na mzee kwenye simu.

"Yaya, ile kibao ya kushika bomba ya kupima upepo, mzee anasema iingie mu bawa ya kuume. Ukirudi ukate. Miye natoka mapema, tuko na mazoezi ya kwaya."

"La kiume," nikasema, natafuta kiatu.

"Njo hivyo. Kuume." Kwao njo ni ndiyo.

Nilirudi nikakata. Mbavu tatu za bawa la juu, la kushoto, kwa sababu kati ya yale mawili ndilo lililokuwa karibu. Nilizikata vizuri, kwa utulivu, nikagandisha kibao, nikakibana. Hata picha nilipiga.

Jumatatu mwenzangu alisimama mbele ya lile bawa, mikono kichwani.

"Yaya, umefanya nini? Nilisema kuume!"

"Si ndilo dume hili?"

"Dume gani? Ndege iko na dume? Mukono ya kuume! Ile yako ya kulia machozi! Tena ya chini, si njo tulikuwa tunafanya ya chini?"

Mkono wa kuume. Marehemu bibi yangu hakuwa na neno jingine. Nilikuwa nalijua tangu utoto! Nilimkasirikia yeye kwa kusema kama bibi yangu, nikajikasirikia mimi kwa kutomsikia. Na Jumamosi ya wiki ile ile mkaguzi wa ndege alikuwa anakuja kuyaona mabawa kabla hayajavalishwa kitambaa.

Mzee aliingia saa nne. Akatazama mbavu, kisha akamtazama mwenzangu. Mimi hata hakunigeukia. Mwenzangu alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya aproni.

"Nimekata mimi," nikasema, kwa Kiingereza changu kinachosimama kila neno kama gari kwenye robot, ndizo taa za barabarani za huku. "Yeye alinieleza sawa." Halafu, kwa kuwa sikutaka kusema uongo, nikaongeza: "Lakini hakusema juu au chini."

Mwenzangu akanigeukia. "Eish! Unaniokoa ao unanizika? Chagua moja!"

Mzee akataka kujua ilikuwaje. Jaribu wewe kumweleza Mzungu dume, kuume, kulia na kulia. Nilionyesha mkono, nikaonyesha mdomo, nikaonyesha machozi. Mwisho mzee akasema tubaki wote wawili, mbavu tatu zitengenezwe upya, kibao kiende kinakotakiwa, na kila bawa liandikwe jina lake.

Tulifanya kazi siku nne bila kusemeshana, ila "shika" na "achia". Yeye aliona ule ukweli wangu wa "juu au chini" ungeweza kusubiri mpaka mzee atoke. Labda. Mpaka leo sina hakika.

Jumamosi mkaguzi alimulika tochi ndani ya mabawa, ubavu kwa ubavu. Kwenye bawa la chini, la upande wa kuume, akasimama. Ubavu wa mwisho ulikuwa umechorwa jicho kwa penseli, na chini yake tone la chozi. Akauliza hiki ni nini. Mimi sikuwa na habari nacho.

Mwenzangu akainua mkono wake wa kuume, akamjibu kwa Kiingereza kwamba ni alama ya upande. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini, neno lake la kwanza tangu Jumatatu zaidi ya "shika" na "achia":

"Mzee alisema tuandike jina. Si wewe njo ulisema ni ya kulia?"

Mkaguzi akatia sahihi. Jicho limebaki humo, chini ya kitambaa. Nilitoka nje kucheka, mwenzangu asinione.