Kisanduku Kilichomkana Sikio

Mume wa dada yangu tulimwita Sikio. Miaka thelathini na moja alitunza pampu za maji kwa fimbo ya chuma: ncha moja kwenye pampu, nyingine sikioni. Mimi kazi yangu ilikuwa kupaka grisi palepale.

Binti yake akasoma, akawa mhandisi, akaletwa kwetu na kisanduku cha kupima mtetemo. Nilijivuna mno, maana mtoto yule nimembeba mgongoni mimi, na alikuwa mzito. Lakini tuyaache hayo.

Sikio akasema pampu ya tatu inalia, beringi, ile pete ya gololi inayobeba mhimili, inakufa. Kisanduku kikachora mstari mpole, wa kupanda na kushuka mara moja kwa sekunde, kama pumzi ya mtu aliyelala. Binti akaandika ripoti: pampu ni nzima, masikio ya mzee yamechoka. Meneja akaamua Ijumaa Sikio akabidhi funguo. Alikaa akiifuta ile fimbo kwa tambara, na ilikuwa safi tayari.

Alhamisi binti alikuja kuchukua mchoro wa mwisho. Katika kubonyezabonyeza akaongeza kasi ya kisanduku kidogo tu. Mstari ukaanza kurukaruka mara kumi na moja kwa sekunde.

“Mjomba, umegusa pampu?”

Niiguse na nini, nina ndoo mikono yote miwili.

Akafungua kijitabu cha kisanduku, akasoma ukurasa mmoja, akakaa sakafuni. Akanieleza kwa sauti ndogo. Kisanduku hakitazami muda wote, kinachungulia. Naye alikiweka kichungulie mara mia kwa sekunde. Pampu ilitetemeka mara tisini na tisa, kwa hiyo mstari ulionyesha ile tofauti ya moja tu; alipoongeza hadi mia na kumi, tofauti ikawa kumi na moja. Ni kama mjukuu anayekimbia kuizunguka nyumba, na wewe unafungua mlango kila anapokaribia kupita, kila mara mapema kidogo: utaapa anajivuta polepole. Kilitakiwa kuchungulia zaidi ya mara mbili ya mtetemo wenyewe.

“Hakikuharibika,” alisema. “Kimenidanganya kikiwa kizima.”

Tukazima pampu, tukafungua. Gololi za beringi zilikuwa vipandevipande. Siku mbili zaidi, chuma kile kingeruka vifuani mwetu.

Binti aliikimbilia ripoti kwa meneja, akaichana mbele yake. Aliporudi hakuweza kumtazama baba yake.

Sikio alimwinua kidevu kwa mkono. “Mwanangu, kiongezee kuchungulia, kisha ukilete kwenye pampu ya nne,” alisema. “Nayo imeanza kulia.”