Sentensi Iliyonukuliwa Mno

Nilikuwa na ugonjwa ambao sikuwahi kuutafutia dawa: kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nilifungua simu kuona nani amenukuu makala yangu. Wenzangu wana makala nyingi zisizosomwa na mtu. Mimi nilikuwa na moja iliyotembea. Ilihusu vidonge vya kuzuia malaria tulivyowapa wavuvi wa Ziwa Mweru kabla hawajaenda kwenye kambi zao za uvuvi, na sentensi iliyopendwa na wote ilikuwa fupi: kati ya tuliowafuatilia, hakuna aliyekufa. Watafiti wa nchi ambazo sijafika waliitumia kuthibitisha kwamba dawa ni salama. Ombi langu la uprofesa liliegemea hapo, nami nilivimba kichwa, sikatai.

Mwaka jana nilirudi Nchelenge, upande wa Zambia wa ziwa hilo, kuanza utafiti mwingine wa vidonge hivyo na familia zilezile. Mimi ni mtu wa Katanga, upande wa Kongo. Kibemba changu ni cha kuombea maji tu, lakini wavuvi wa pale wanafanya biashara na ng'ambo ya ziwa na Kiswahili chetu wanakijua, kwa hiyo nilijiona sihitaji mkalimani. Katika kijiji cha Kafutuma nilimkuta mama mmoja akianika chisense, dagaa wa ziwa hilo. Nikamwuliza mume wake yuko wapi. Akamwita, na mwanamume akatokea nyuma ya nyumba akijifuta mikono. Nikafungua wino ili atie dole gumba la kukubali. Jalada langu la zamani lilisema kidole chake cha shahada cha kushoto kilikatwa na kamba ya wavu. Huyu aliweka mezani vidole kumi.

Nilidhani nimechanganya majalada. Nikamwuliza mama kama huyu ndiye mume wake tuliyempa dawa, akasema ndiye. Nikauliza habari za kidole. Aliniangalia kwa huruma, kama anayemtazama mtoto asiyeelewa anachotumwa.

"Ule wa kidole ya kukatika alikufaka, docta. Huyu njo mwipwa yake, alipyana jina."

Kupyana nilikuwa nimekusikia. Kwa Wabemba mtu akifa jina lake halizikwi. Ndugu hulirithi, watoto humwita baba, na nyumba husema yupo. Nililijua kama jambo la sherehe, sikuwahi kulifikiria kwenye daftari langu.

"Mbona niliporudi kuwahesabu mulisema eko?"

"Alikuwa eko, anashona wavu. Mulikuwa mu barabara, docta. Hamukushuka."

Hilo ndilo lililonichoma. Utaratibu tuliouandika wenyewe ulitaka nimwone kila mtu na kumpima mapigo ya moyo. Lakini siku ile ya ufuatiliaji ilikuwa ya mwisho, dereva wa kunirudisha mjini Mansa alikuwa na haraka, nami niliita majina kupitia dirisha la gari, nikajibiwa yupo, yupo, nikatia alama. Haraka haraka haina baraka, wanasema. Yangu ilinipatia sifa.

Nikauliza alikufaje. Mama akanieleza kwamba alifia kambini, siku chache baada ya kumeza vidonge. Jioni alilalamika moyo unakimbia, asubuhi wenzake wakamkuta amepoa. Sijui kama ni dawa. Huenda siyo. Lakini mimi nilikuwa nimeutangazia ulimwengu kwamba hakuna cha kuchunguza.

Nikaenda pembeni kumpigia mwalimu wangu, tuliyeandika naye makala ile. Alisikiliza, akaniambia mvuvi mmoja habadilishi dawa, ningoje kamati ya uprofesa ikae kwanza, na kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nilikasirika, hasa kwa sababu nusu ya moyo wangu ilikuwa imeshakubali. Niliogopa. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa ndani ya sentensi ile.

Nikarudi uani kuaga. Mama alikuwa ametoa ndani pakiti yetu ya zamani, imefungwa vizuri kwenye kitambaa, na ndani yake vimebaki vidonge viwili.

"Zile zilibakiaka, huyu njo alimezaka mahali yake," akasema. "Sasa munaleta zingine. Aendelee?"

Yule mpwa alikaa, mikono magotini, akingoja. Wengi walikuwa wameniuliza kuhusu dawa ile, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anataka kuimeza.

"Hapana, mama. Aache."

Nikaketi kwenye benchi lao, na kwa simu ileile nikawaandikia wahariri wa jarida. Nilianza na yeye: mvuvi wa Kafutuma, asiye na kidole cha shahada cha kushoto, alikufa, nami nilimwandika hai. Nikaomba makala iondolewe. Nikatuma bila kumwonyesha mwalimu wangu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilifungua simu. Wahariri walikuwa hawajajibu. Mtu mwingine alikuwa ameinukuu sentensi yangu, kuthibitisha kwamba dawa ni salama.